Wawili wa Mollo kwenye Uwanja wa Saruji

Mtu yeyote wa Mollo aliyekuwa na akili zake miaka ile atakwambia kwamba Bertilla wa mzee Leonsi hakuwa mtu wa kuchekacheka. Alikuwa mfupi, kifua kipana, miguu imekaza kama ya mbeba magunia, na alikuwa na namna ya kukutazama kana kwamba umekalia kiti chake. Watu walimheshimu. Kumpenda lilikuwa jambo jingine, na mwenyewe hakuonekana kulihitaji.

Nyumbani kwao waliona chanzo cha ukali huo ni ng'ombe. Mwaka wa tisini, mahindi yakiwa yameanza kukomaa, ng'ombe wa Ngeleja waliingia shambani kwa Leonsi alfajiri. Ngeleja alikuwa Msukuma, alihamia kutoka upande wa Meatu na wake zake, watoto na mifugo akitafuta malisho, akajenga pembeni mwa kijiji kuelekea vilimani. Mwanzoni watu wa Mollo hawakumkatalia. Walinunua maziwa yake, wakakodi maksai wake kulimia. Lakini ng'ombe walizaana, na nyasi zilibaki zilezile, na kila mwaka kukawa na shamba la mtu lililoliwa. Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Leonsi. Alitoka kuwafukuza. Gabriel, mtoto mkubwa wa Ngeleja, akaja mbio na fimbo, na ilipokwisha Leonsi alikuwa amekaa katikati ya mabua, mkono wa kulia umevunjika kwenye kiwiko. Mkono ule ulipona umepinda. Hakushika jembe tena sawasawa mpaka anazeeka.

Baraza la kijiji lilimtoza Ngeleja ndama jike. Alimleta mwenyewe, akamfunga kwenye nguzo ya uani. Leonsi akakata kamba kwa mkono wa kushoto, akamswaga ndama mpaka barabarani.

"Ng'ombe wako asikanyage hapa tena," alimwambia Ngeleja. "Hata akiwa nyama."

Bertilla alikuwa ndiye mtoto mkubwa wa nyumba ile, msichana wa miaka kumi na minane. Kuanzia siku hiyo kazi za baba zikawa zake, na baiskeli ya baba nayo ikawa yake. Ilikuwa baiskeli ya Kichina, aliyoinunua Leonsi pale maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa vitu baada ya serikali kufungulia biashara. Sasa mkono uliopinda haukuweza kushika usukani. Mama yake, Coleta, hakupenda kabisa. Akina mama wa jumuiya walikuwa wameshamsema: msichana mzima, Mkatoliki, anapanda baiskeli mapaja nje. Bertilla alivaa suruali ya mjomba wake ndani ya gauni, akapakia gunia la maharage au la ulezi, akaondoka kwenda sokoni Kizwite, mjini Sumbawanga.

Kwenye barabara ya Mollo mtu huwa na upepo wa uso kwenda na wa uso kurudi. Baridi ya Ufipa inamfanya mtu ajikunje, lakini ukijikunja kwenye baiskeli yenye gunia huendi popote. Bertilla alijifunza kulala juu ya usukani na kukanyaga. Vijana waliokuwa wakipeleka mkaa na viazi mjini walizoea kufukuzana njiani, na haikuchukua muda wakaanza kukerwa na msichana aliyewapita kimya, bila salamu, mzigo wake nyuma.

Siku moja alikuwa anamalizia mlima wa kuingilia Kizwite, amewaacha wawili nyuma, akakuta mtu amesimama kando ya barabara mikono mfukoni.

"Wewe," yule mtu akasema. "Unaendesha kama unamfukuza mtu. Nani?"

"Simfukuzi mtu."

"Yupo. Jumamosi njoo uwanja wa mpira."

Yule alikuwa Yusto. Aliwahi kuwa dereva wa shirika moja la umma huko Dar es Salaam, na shirika lilikuwa na timu yake ya baiskeli, naye akaiendeshea kwa miaka mingi. Kisha shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, timu ikafa siku hiyohiyo. Alirudi kwao Sumbawanga na jezi moja iliyochakaa na hasira ambayo hakujua aipeleke wapi, akaamua kuipeleka kwa vijana. Hakuwa mpole. Hakuwahi kumwambia mtu amefanya vizuri.

Jumamosi Bertilla alikwenda. Alipofika tu akamwona msichana mrefu, miguu mirefu, ameegemea baiskeli yenye madumu ya maziwa, anacheka na wavulana. Alimjua. Alikuwa Sayi, binti Ngeleja, dada yake Gabriel. Bertilla akageuza baiskeli.

"Unakwenda wapi?" Yusto akauliza.

"Siwezi kukaa uwanja mmoja na huyo."

"Basi mshinde, aondoke yeye."

Sayi alikuwa amesikia. "Mwache aende, kocha," akasema. "Wafipa wanajua kuendesha wakiwa na magunia tu, yanawasukuma kwa nyuma."

Bertilla akarudi uwanjani. Siku ile Sayi alimshinda, na si kidogo. Huko kwao Usukumani wanawake hupanda baiskeli tangu wakiwa watoto na hakuna anayewashangaa, na Sayi alikaa juu ya baiskeli kama mtu aliyekaa kwenye mkeka wake. Bertilla alirudi nyumbani akiwa amejaa sumu, akakata kuni mpaka giza likaingia.

Ndivyo walivyoanza, na ndivyo walivyoendelea. Yusto alikuwa na ndoto ya mbio za uwanjani, zile zinazokimbiwa kwenye duara kwa baiskeli isiyo na breki. Alikuwa amezionja ujanani. Alipeleka baiskeli mbili kwa fundi wa kuchomelea, friwili, ile gia ya nyuma inayoruhusu miguu ipumzike, ikachomelewa ikawa kitu kimoja na tairi. Maana yake tairi likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Huwezi kupumzisha miguu hata kidogo. Mahali pa kufanyia mazoezi palikuwa ua wa saruji wa ghala la zamani la ushirika, ambalo siku hizo halikuwa na nafaka wala mlinzi. Siku ya kwanza Bertilla alisahau, akajaribu kuacha kukanyaga kwenye kona. Pedali zikamrusha. Alichubuka kiwiko na shavu. Sayi akacheka mpaka akashika tumbo, na Bertilla akainuka na kiganja cha mchanga akamtupia machoni.

Yusto aliwatenganisha kwa kuwashika shingo kama mbuzi.

"Chukianeni," akasema. "Sikuwaita hapa mpendane. Ila chukianeni kwa miguu. Mikono iacheni kwenye usukani."

Wakachukiana kwa miguu. Bertilla akisikia Sayi amepanda vilima vya Mollo alfajiri, kesho yake alitoka mapema zaidi na kuacha alama ya tairi lake njiani ili mwenzake aione. Sayi akishinda mbio za Nane Nane, Bertilla alishinda za Mei Mosi. Hawakusalimiana. Wakikutana kisimani, kila mmoja alingoja mwingine ajaze ndoo aondoke. Wakati huohuo mambo ya kijijini yalizidi kuchacha: mara ng'ombe amekatwa mkia, mara zizi limechomwa, mara mtoto wa mtu amepigwa malishoni. Watu wa Mollo wakaanza kwenda uwanjani kumshangilia Bertilla, na Wasukuma wakaja kumshangilia Sayi, kila upande na upande wake wa uwanja, na Yusto akawa anakagua watu wasiingie na fimbo.

Mwaka wa tisini na nne chama cha baiskeli cha taifa kilileta habari. Kwenye michezo ya bara zima mwaka uliofuata timu ya Tanzania ingepeleka mwanamke mmoja kwenye mbio za uwanjani. Mmoja tu. Kabla ya hapo palikuwa na mashindano ya mwaliko huko Zambia, katika mji mmoja wa migodi wenye uwanja wa baiskeli uliojengwa tangu wakati wa wakoloni. Nchi kadhaa za kusini zingekuwepo. Yusto alipeleka majina ya wasichana wake wawili, na mchaguzi wa taifa, Bwana Marselino, akasema watakwenda wote na atawatazama huko kwa macho yake.

Walipanda lori mpaka Tunduma, wakapanda treni ya TAZARA. Njia nzima Yusto alikaa katikati. Bertilla alitazama dirishani na Sayi alilala, au alijifanya kulala.

Uwanja wenyewe uliwasimamisha wote watatu mlangoni. Hata Yusto, aliyezionja mbio hizo ujanani, hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Ulikuwa bakuli la saruji, kona zake zimeinuka mpaka mtu akisimama juu kabisa anaona kama yuko kwenye bati la nyumba. Ukienda polepole mno kwenye kona, unateleza mpaka chini. Baiskeli waliazimwa na wenyeji, nyepesi kiasi kwamba Bertilla aliinyanyua yake kwa vidole akahisi anadanganywa. Mwenyeji mmoja mwenye kofia nyeupe alisema kitu kwa Kiingereza akicheka na wenzake. Yusto alitafsiri nusu, nusu nyingine akaimeza.

"Anauliza kama mmewahi kukanyaga mahali kama hapa."

"Na nyingine?" Bertilla akauliza.

"Nyingine achana nayo, fanya mazoezi."

Bwana Marselino alifika kesho yake kutoka Dar es Salaam, mwanaume mnene wa miwani ya jua, akakaa kwenye benchi akitafuna karanga. Wasichana walimwamkia, akaitikia bila kuwatazama.

"Nachukua mmoja wenu aende kambini, kwenye mchujo wa mwisho," akasema. "Sitaki baadaye kusikia habari za ukoo, kabila wala kijiji. Atakayefika mbali zaidi ndiye."

Mbio zilikuwa za wawili wawili. Mtu asiyezijua angedhani wapanda baiskeli wale ni wavivu, kwa sababu wanaanza kwa mwendo wa kutembea. Siri ni kwamba wa nyuma anakingwa upepo na wa mbele, tena anaona kila anachofanya, kwa hiyo hakuna anayetaka kutangulia. Wanazunguka wakiviziana, wanapanda juu ya kona, wanashuka, mpaka mmoja anapofyatuka. Nusu ya mzunguko wa mwisho ndiyo inayoamua, na hapo kuna mstari: ukishauvuka, kila mmoja anatakiwa ashike njia yake. Kabla ya mstari, unaruhusiwa kumpandisha mwenzako juu unavyoweza, ilimradi humgusi.

Mchezo ule ulimfaa Bertilla kuliko mchezo wowote duniani. Alimtoa msichana wa kwanza, kisha wa pili. Sayi naye aliwatoa wake. Jioni hiyo ratiba ikabandikwa ukutani, na katika nusu fainali majina yao yakawa yamekaa pamoja.

Yusto alisoma, akavuta pumzi.

"Mimi simshauri mtu," akasema. "Nitakaa kule ng'ambo. Mtakachofanya, fanyeni."

Kesho yake jua lilikuwa kali na saruji ikawa nyeupe. Kipenga kikalia, wakaondoka polepole, Sayi chini, Bertilla juu yake nyuma kidogo. Mzunguko wa kwanza haujaisha, Sayi akapanda kwenye kona akasimama. Akasimama kabisa, baiskeli imetulia chini yake, tairi la mbele limegeukia juu, anakanyaga kwa ncha ya kiatu mbele kidogo na nyuma kidogo. Bertilla naye akasimama. Umbali kati yao ulikuwa mdogo kiasi cha kusikia mwenzako akipumua.

"Tangulia," Sayi akasema.

"Tangulia wewe."

Watu majukwaani wakaanza kupiga miluzi. Waamuzi walitazamana. Mapaja ya Bertilla yalikuwa yanatetemeka, jasho linaingia machoni na hawezi kulifuta. Sayi alikuwa anamtazama usoni. Hakuwa anacheka.

"Mkono wa baba yako bado unauma?"

Bertilla alikanyaga pedali mbele kidogo, nyuma kidogo.

"Nyie mnasimulia ng'ombe, mnasimulia mahindi, mnasimulia fimbo ya Gabriel. Shoka mbona hamlitaji?"

"Shoka gani?"

"Unalijua. Alimkata mguu mtamba wetu mwenye mimba. Mguu ukabaki unaning'inia. Gabriel alimchinja mwenyewe analia. Hakuja pale kwa ajili ya mahindi yenu, alikuja kwa ajili ya yule mtamba." Sayi alisogeza tairi nyuma kidogo. "Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kanga nyekundu. Nilikuona."

Bertilla aliijua ile kanga. Shoka nalo alilijua, kwa sababu ndilo alilokuwa akikatia kuni mpaka siku hizo. Asubuhi ile alikuwa ameisimulia mara nyingi mno, kwa majirani, barazani, kwa wajomba, na kila aliposimulia shoka halikuwemo, mpaka hata kichwani mwake likawa limetoka. Sasa likarudi, na sauti ya yule mnyama ikarudi nalo. Angeona aibu pengine, siku nyingine, mahali pengine. Pale alichoona ni kwamba Msukuma huyu alilificha neno hili miaka yote akalileta huku ugenini, mbele ya watu, alitumie kama kisu.

Mguu wake ukateleza, baiskeli ikasogea mbele. Ndicho alichokitaka Sayi. Sasa Bertilla alikuwa ametangulia, na mgongo wake wote uko wazi.

Aliendesha akigeuza shingo, haachi kumtazama. Mzunguko wa pili ukaisha. Kengele ya mwisho ikapigwa. Sayi akaanza kupanda juu ili apite kwa kushukia, mteremko wa kona umwongezee kasi. Bertilla akapanda naye. Sayi akapanda zaidi, na Bertilla naye, bega lake likielekea kwa mwenzake, hamgusi, anazidi tu kuibana nafasi. Uzio wa bomba uliokuwa juu ya kona ukawa unakuja. Bertilla aliuona. Aliona pia mstari, bado haujafika, na akajua anaruhusiwa. Nafasi aliyokuwa nayo ya kumwachia Sayi ilikuwa upana wa kiganja. Hakumwachia.

Usukani wa Sayi ulikwaruza bomba. Ukasikika mlio wa chuma, kisha mlio wa mtu akigonga saruji, na Bertilla alikuwa ameshashuka peke yake, anakata upepo, anavuka mwisho bila mtu nyuma.

Baiskeli ile haikuwa na breki. Pedali ziliendelea kumzungusha miguu, na hakukuwa na njia ya kusimama mara moja. Ilibidi aendelee kuzunguka mpaka kasi ife. Kwa hiyo alipita pale. Sayi alikuwa ameteleza mpaka chini, amelala ubavu, mkono mmoja umeshika bega, na Yusto anakimbia kumfuata akikata katikati ya uwanja. Sayi aliinua macho akamtazama Bertilla anavyopita. Miguu ya Bertilla ikaendelea kuzunguka.

Waamuzi walijadiliana muda mrefu. Wakasema ilikuwa kabla ya mstari na hakuna aliyeguswa. Sayi alikuwa amevunjika mtulinga. Kwenye fainali Bertilla alishindwa na msichana wa Zambia, mwenyeji, akawa wa pili, akapewa medali ambayo hakuna aliyempigia makofi alipoivaa. Watu walizomea, na hakuhitaji tafsiri.

Bwana Marselino alimwita.

"Ulifanya kusudi?"

"Nilivunja sheria?"

"Hapana."

"Basi."

Yule mwanaume alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Utaitwa kambini," akasema. "Ila kwenye basi la kwenda kambini usikae karibu na mimi."

Kurudi, treni ilikuwa na viti vya kutazamana. Yusto alikaa na Sayi upande mmoja, Bertilla upande wa pili. Sayi alikula kwa mkono wa kushoto, chakula kinamdondokea mapajani, na Yusto alipotaka kumsaidia alikataa. Kwenye stesheni moja Bertilla alinunua machungwa. Alimenya moja, akalikata, akaliweka juu ya kimeza karibu na Sayi. Sayi alilitazama, akalichukua kipande kwa kipande, akavitupa vyote dirishani. Yusto akafunga macho.

Mollo walimpokea kwa ngoma. Habari zilikuwa zimetangulia. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Basil, alikuja na watu wake na chungu cha kimpumu, ile pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija, wakakalishwa uani kwa Leonsi.

"Binti umetufuta machozi," mzee Basil akasema. "Wale watu hatujapata wa kuwatuliza. Umemtuliza mmoja."

Hakuna aliyeuliza alikuwa wa ngapi. Hakuna aliyeuliza uwanja ulikuwaje. Walitaka kusikia namna Msukuma alivyoanguka, na walitaka kuisikia tena. Bertilla alisimulia mara moja, kwa kifupi, akaingia ndani. Medali aliitia kwenye sanduku la nguo.

Watu walipoondoka alimfuata baba yake jikoni.

"Baba, lile shoka. Siku ile. Ulianza wewe?"

Leonsi alikuwa anachochea moto kwa mkono mzima. Hakugeuka.

"Ulikuwepo. Unaniuliza nini?"

"Nataka useme."

"Nilimkata. Amekula jasho langu lote, nami nikamkata. Angekuwa amesimama hapa leo ningemkata tena." Akasukuma kijinga cha moto ndani. "Na wewe huko Zambia ulifanya nini?"

Walikaa hapo, moshi unawauma macho, wote wawili wagumu, na hawakulizungumza tena maisha yao yote.

Kambi ya taifa iliwekwa Mwanza. Bertilla hakuwa amelifikiria jambo hilo mpaka alipofika: karibu wasichana wote wa kambini walikuwa Wasukuma, na wote walikuwa wameshasikia. Shangazi zake Sayi walikuwa hukohuko. Mezani waliongea Kisukuma. Akikaa benchi, wengine walihama mmoja mmoja. Nguo zake alizikuta chini ya kamba, kwenye matope. Kwenye mazoezi walimzungushia baiskeli, wawili mbele, mmoja kila upande, wakapunguza mwendo mpaka akawa anatembea wakati kocha wa kambi anapiga kelele kwa nini Mfipa amelala. Hakumshtaki mtu. Aliona ni haki yao, na aliona pia kwamba angewaonyesha.

Alichojifunza kambini ni kukaa mbele. Kama hakuna atakayekukinga upepo, basi uchukue upepo wote wewe tangu mwanzo, uendeshe kwa nguvu ambayo mwenzako hataweza kuja kukuzingira. Inaumiza vibaya. Siku ya mchujo wa mwisho alitoka mbele toka kipenga kilipolia na hakuangalia nyuma, akamaliza amelala juu ya usukani anatapika maji, na wa pili alikuwa mbali. Bwana Marselino alisoma jina lake bila furaha yoyote. Kocha akampa jezi ya taifa akimwelekezea mkono tu. Bertilla aliivaa usiku ule chini ya blanketi, mikono juu ya kifua, akasikiliza wenzake wakinong'ona kwa lugha asiyoijua.

Kwenye michezo yenyewe hakufika mbali. Msichana mmoja wa kusini, mwenye baiskeli iliyong'aa kama sahani mpya, alimwacha kabla hajaelewa mbio zimeanza. Wakampa nafasi ya pili, kama kanuni inavyowapa walioshindwa mara ya kwanza, akamshinda mwenzake kwa upana wa tairi. Kisha akatolewa moja kwa moja. Alishinda mbio moja kwa nchi yake. Tangazo la kipaza sauti lilitamka jina lake vibaya, lakini lilitamka na Tanzania, na hapo, akiwa peke yake katikati ya uwanja mkubwa, alicheka. Hakukuwa na mtu wa nyumbani wa kumwona akicheka.

Aliporudi Sumbawanga, Sayi alikuwa amepona. Bega moja lilikaa chini ya jingine. Nane Nane ya mwaka ule alimshinda Bertilla mbele ya mji mzima, akazunguka uwanja mara nyingine peke yake, polepole, akiwa ameinua ule mkono uliovunjika juu kadiri ulivyoweza kupanda. Bertilla alisimama akamtazama mpaka alipomaliza. Mwaka uliofuata alishinda Bertilla. Yusto alikuwa anazeeka, sauti imeisha, lakini alikuja kila Jumamosi na kuwatukana wote wawili sawasawa.

Halafu kijiji kikachoka kabisa. Baada ya mtu kuuawa kwa mkuki vilimani, na mazizi matatu kuteketea, serikali ikaamuru wafugaji wahame wateremke kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Ngeleja alikuwa mmoja wao. Waliondoka asubuhi ya baridi, vumbi la mifugo limefunika barabara, na watu wa Mollo wamesimama mbele ya nyumba zao, wengine na fimbo mkononi kuhakikisha.

Bertilla alikuwa uani anapepeta ulezi. Mama yake alimwona anaweka ungo chini na kuchukua baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Mjini."

Hakuelekea mjini. Alilifikia kundi nje ya kijiji. Nyuma ya ng'ombe wote, nyuma ya wanawake waliobeba vyungu, Sayi alikuwa kwenye baiskeli yake, magodoro yamefungwa nyuma, anakwenda mwendo wa mifugo. Bertilla akaingia ubavuni kwake. Gabriel aligeuka akamwona, akakaza mkono kwenye fimbo. Sayi akamfanyia ishara aendelee.

Wakaenda hivyo kwa muda mrefu, tairi kwa tairi. Mwendo ulikuwa mdogo kiasi kwamba ilibidi wote wawili wapigane na usukani wasianguke. Hakuna aliyetangulia. Walifika pale ardhi inapokatika, kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ambapo barabara inaanza kuteremka na bonde linaonekana chini, la kijivu na joto.

Sayi akasimama, mguu chini.

"Usinisindikize," akasema.

"Sikusindikizi. Barabara ni ya serikali."

Sayi alimtazama juu mpaka chini, kama mtu anayekagua mnyama mnadani.

"Unakaza mno magoti kwenye kona," akasema. "Siku zote. Ndiyo maana nakupita."

"Hunipiti."

Sayi alikaza kamba za magodoro, akapanda, akaachia baiskeli mteremkoni. Ng'ombe wa mwisho walikuwa wamejaa barabara nzima, ikabidi apite katikati yao akipiga kengele, mpaka vumbi likamfunika.

Bertilla aliendesha miaka michache zaidi. Hakuna msichana mkoani aliyemkaribia, na alishinda kila alichoshindania, na watu wakaacha kwenda uwanjani kwa sababu hapakuwa na cha kutazama. Alimwambia Yusto kwamba wasichana hawa wapya hawana lolote, wanampa mkono kabla ya mbio. Jezi ya taifa hakuitwa tena kuivaa. Siku za Jumamosi, alipofika uwanjani, yeyote aliyejaribu kumsalimia kwa uchangamfu Bertilla alimkata jicho, akafunga kofia, akaenda kusimama kwenye mstari akisubiri.